Jivu la Paka Watano

Ngokolo, Shinyanga
24 Juni 1973

Mpendwa Bibi yangu Zamoyoni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Ushirombo ukiwa mzima, pamoja na Mama mdogo Mwaisha na mtoto wake mchanga. Sisi hapa hatujambo. Mjomba Sabiti amepata kazi kubwa ya kushona magodoro kumi na mawili ya nyumba ya wageni huko Isaka, na sasa stoo imejaa pamba mpaka usawa wa dirisha. Paka wako wote watano ni wazima: Jemadari, Sukari, Chui, Chongo na Mkongwe. Kila jioni ninawafungia stoo kama ulivyoniagiza, ili panya wasije wakazalia ndani ya pamba.

Wiki iliyopita wakaguzi wa usafi walipita nyumba kwa nyumba, na jiko letu lilikuwa la kwanza katika mtaa. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu nikapigiwa makofi.

Bibi, nina swali moja. Si letu, ni la rafiki yangu Generoza ambaye ninakaa naye dawati moja. Kwao pia wana paka wengi, na paka hao walikuwa na adabu siku zote. Ghafla wameanza kujisaidia ndani ya nyumba, juu ya vitu vya watu. Wakipigwa hawaachi. Je, wewe unajua dawa yake? Generoza ana haraka kidogo.

Wako mjukuu mtiifu,
Mwahija

*

Ushirombo
30 Juni 1973

Kwa mjukuu wangu Mwahija,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili bila kidole. Mwaisha amestaajabu. Nimemwambia mimi si wa kusomewa tena.

Mtoto ananyonya vizuri. Nitakaa mpaka arobaini itimie, kisha nitarudi mwisho wa Julai. Mwaisha anataka nibaki moja kwa moja. Hapa kuna maziwa na kuna nafasi. Nimemwambia nina watu wangu Ngokolo. Wewe, Sabiti, na paka.

Huyo Generoza mpe pole. Muulize hivi. Hao paka walikuwa wakienda wapi zamani? Paka hahami chooni kwake bila kufukuzwa. Sisi tuna jivu letu pale pembeni mwa jiko. Wanapita kwenye tundu la ukuta wa stoo, wanachimba, wanafukia, wanarudi kazini. Ndiyo maana nilikwambia usiliguse. Si la kuhifadhia choroko tu.

Mkono umechoka. Salamu kwa Sabiti.

Mimi Bibi yako,
Zamoyoni

*

Ngokolo, Shinyanga
5 Julai 1973

Mpendwa Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kuona maandishi yako yamenyooka. Herufi ya "g" sasa hairuki juu ya mstari.

Generoza ameshukuru sana kwa jibu lako. Ila kuna jambo ambalo hakunieleza mwanzoni. Kwao pia kulikuwa na jivu, naye alilizoa lote siku moja kabla ya ukaguzi. Alikuta uchafu wa paka ndani yake, akaona kwamba bora aliondoe kabisa, maana aliamini kuwa paka wakikosa mahali pa kuchafua wataacha kuchafua. Kisha akasugua sakafu na kumwaga chokaa. Sasa ameweka sanduku moja la mchanga wa barabarani. Analiosha kila asubuhi kwa dawa kali ya kuua wadudu aliyopewa shuleni. Paka wanalisogelea, wananusa, wanapiga chafya, na kurudi kwenye vitu vya mjomba wake. Samahani kwa doa la wino hapo, kalamu imevuja.

Mjomba wake amekasirika. Hamwulizi mtu, anatembea tu akinusa.

Generoza anaogopa kumwambia bibi yake. Bibi huyo alimkataza kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya basi. Je, bibi wa namna hiyo akiambiwa ukweli hufanyaje?

Wako mjukuu,
Mwahija

*

Ngokolo, Shinyanga
8 Julai 1973

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Barua hii nampa Donatus dereva wa basi akufikishie mkononi, maana sitaki usikie kwa watu.

Paka wako wamenishinda. Wamegeuza pamba yangu kuwa choo. Wiki iliyopita nilimkabidhi Mzee Fikirini godoro la harusi ya binti yake Chausiku. Juzi limerudi mchana kweupe, limebebwa na wanaume wawili kwa mwendo wa jeneza, mpaka barazani kwangu. Mzee Fikirini alisema mbele ya wateja, "Sabiti, binti yangu anaolewa na mtu, haolewi na nyau." Watu walicheka mpaka wakashikilia nguzo. Mimi sikucheka.

Mkeka wangu wa kuswalia nao umelowa mara mbili. Najua paka ni kiumbe anayependwa katika dini yetu, lakini mkojo wake ni najisi, na mimi siwezi kufua mkeka kila alfajiri. Nimemuuliza Mwahija kumetokea nini, anasema hajui.

Jumamosi ya tarehe 21 Maganga atakuja na lori lake kuchukua magodoro kumi na mawili ya Isaka. Atawachukua na paka ndani ya gunia. Pale stesheni kuna maghala yenye panya wengi, hawatakufa njaa. Sipendi jambo hili, lakini godoro moja la Isaka likinuka, sina kazi tena.

Ni mimi mwanao,
Sabiti

*

Ushirombo
11 Julai 1973

Kwa mwanangu Sabiti,

Marahaba. Barua nimeipata.

Kabla ya paka hao, panya walizalia ndani ya godoro la karani wa posta. Umesahau? Mimi sijasahau. Nilikuwepo alipolileta.

Ukiwapakia Jumamosi hiyo, mimi nitabaki hapa. Mwaisha ameshanitandikia kitanda. Siwezi kurudi kwenye nyumba ambamo vyangu vinapakiwa nikiwa safarini. Sikutishi. Nakujulisha, kama ulivyonijulisha wewe.

Mpe mtoto nafasi mpaka siku hiyo. Pamba ikiwa kavu, waache. Isipokuwa kavu, nitajua la kufanya.

Mama yako,
Zamoyoni

*

Ushirombo
11 Julai 1973

Kwa Mwahija,

Generoza nimemfahamu. Mjomba wake ni fundi magodoro. Ngokolo ina fundi magodoro mmoja.

Nilienda kisomo uzeeni nisije nikadanganywa kwa karatasi. Wewe ndiye uliyenishika mkono nyumbani nikaandika jina langu. Leo mtu wa kwanza kunidanganya kwa karatasi ni wewe.

Iandike upya barua ile ya tarehe 5. Toa jina la Generoza, weka lako.

Tena kuna mambo Generoza hakuyaandika. Nani anatangulia kutoka stoo asubuhi? Nani anamwogopa nani? Nani hasa anayelowesha? Chunguza uniandikie. Bila hayo nitakupa dawa ya kubahatisha. Nimemwandikia mjomba wako. Paka wakienda, mimi sirudi. Basi fanya haraka.

Bibi yako

*

Ngokolo, Shinyanga
13 Julai 1973

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi Mwahija ndiye niliyezoa jivu lako. Ulinikataza nikalizoa. Nilijaza karai mara tisa nikamwaga bondeni. Nilitaka jiko letu liwe la kwanza. Lilipokuwa la kwanza nilifurahi siku moja, na kesho yake nikaona pamba imelowa. Mjomba aliponiuliza nilisema sijui. Wewe nilikuandikia Generoza. Generoza wa kweli kwao hawafugi hata kuku. Naomba unisamehe, na usipoweza, nisaidie kwanza, kisha unikasirikie ukifika.

Nimechunguza. Jana na leo nimekaa kwenye ufa wa mlango wa stoo tangu adhana ya alfajiri. Jemadari ndiye anayetangulia. Anapita kwenye tundu na kuingia jikoni, ananusa sanduku langu, kisha analala palepale mdomoni mwa tundu. Sukari na Chui wanakuja, anawatazama tu, wanarudi. Chongo hajaribu hata kusogea, kwa kuwa jicho lake bovu liko upande wa Jemadari. Wanazunguka, wanalia kwa sauti ndogo, halafu wanakwenda kwenye pamba. Mkongwe sijamwona akilowesha. Huwa analala.

Mjomba ameniita barazani. Ameniambia masharti: asubuhi ya Jumamosi tarehe 21 atapitisha kiganja chake juu ya pamba yote. Ikiwa kavu, watabaki. Gunia ameshalitundika ukutani. Nikiingia na kutoka ninapita mbele yake.

Mama alipofariki nilikuja hapa kwa sababu ya wewe. Sijui nitakaaje hapa usiporudi.

Mwahija

*

Ngokolo, Shinyanga
17 Julai 1973

Bibi yangu,

Shikamoo. Donatus amepita leo, nimemkimbilia mpaka kituoni, akasema hakupewa kitu. Labda bado umekasirika. Ninaandika hivyo hivyo, maana zimebaki siku nne.

Sikuweza kungoja. Mchanga wa barabarani nimeumwaga, na juzi nilikwenda kwa jirani yetu Mama Maige kuomba majivu. Sisi siku hizi tunapikia mkaa, jivu letu halijai hata bakuli. Mama Maige yeye anachoma mabua ya pamba. Aliposikia naomba majivu alisimama mlangoni akanitazama sana. Akauliza majivu yake nayapeleka wapi, tena bibi yangu hayupo. Nikakumbuka kwamba hapa mtu hatoi jivu la jiko lake kwa asiyesema kazi yake, huogopa kufanyiwa jambo. Wanawake wengine wawili waliacha kutwanga. Nilitaka kusema ni ya choroko. Nikasema ukweli, "Ni ya choo cha paka, Mama Maige. La kwetu nililimwaga mimi."

Aliwageukia wenzake. "Njooni msikie, paka wa fundi magodoro wanajengewa choo, na mimi choo changu mwaka wa pili hakina mlango." Walicheka sana. Halafu akaniambia, "Chukua, ng'wanawane, mwanangu, chukua lote," akanipa na madebe matatu ya zamani yaliyokatwa juu.

Nimejaza debe moja nikaliweka jikoni, palepale pa zamani. Jemadari alilichimba siku ile ile, nikafurahi mno. Lakini akimaliza analala kwenye tundu, na wengine bado wanarudi kwenye pamba. Kila siku ninaondoa pamba iliyolowa, naifua, naianika, na Mjomba anairudisha kwenye rundo, nayo ndiyo wanayoanza nayo kesho yake. Nimejaribu kumfungia Jemadari nje, akalia mpaka majirani wakaamka.

Bibi, hata kama hunijibu mimi, wajibu paka.

Mwahija

*

Ushirombo
18 Julai 1973

Kwa mjukuu wangu Mwahija,

Sikukasirika. Mtoto wa Mwaisha alishikwa na homa siku nne. Sikuweka kalamu mkononi. Leo ameamka akanyonya. Barua zako mbili nimezisoma pamoja. Ile ya kwanza imenitoa machozi, ile ya pili kicheko. Msalimie Mama Maige.

Umefanya vema kurudisha jivu. Kosa ni debe moja. Zamani jivu lilienea kutoka ukuta mpaka ukuta. Jemadari hakuweza kulilinda lote. Wewe umempa mlango mmoja. Mwenye kushika mlango mmoja huwa mfalme.

Fanya hivi. Jaza madebe yote matatu. Moja liache jikoni, hilo ni lake. La pili weka nyuma ya cherehani ya mjomba wako, ndani ya stoo. La tatu weka uani chini ya ukuta, na mlango wa stoo wa kutokea uani uuache na nafasi ya paka kupita. Akilala mahali pamoja asiweze kuyaona yote. Chini ya kila debe tandika gunia wafutie miguu, pamba isichafuke.

Dawa ya shule usitie tena. Zoa uchafu asubuhi na jioni, jivu lililobaki uliache. Paka anataka kusikia harufu yake kidogo ajue amefika kwake. Pamba iliyolowa isirudishwe stoo hata ikifuliwa. Mwambie Sabiti nimesema mimi. Ana ubahili wa baba yake.

Barua hii anaileta Donatus. Nimemwambia asipoifikisha nitamwandikia mkewe.

Bibi yako anayekupenda,
Zamoyoni

*

Ngokolo, Shinyanga
22 Julai 1973

Mpendwa Bibi yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa mtoto kupona.

Barua yako ilifika Alhamisi adhuhuri. Nilikuwa nimebakiwa na usiku wa siku mbili tu. Nilijaza madebe, nikatandika magunia, nikayaweka kama ulivyosema. Nilipomwambia Mjomba habari ya pamba iliyofuliwa, na ya ubahili pia, aliibeba yote mwenyewe akaipeleka nje.

Ijumaa asubuhi nilifungua stoo. Debe la nyuma ya cherehani lilikuwa limechimbwa. La uani lilichimbwa mara mbili. Jemadari alikuwa amejilaza kwenye tundu lake, analinda debe ambalo hakuna aliyelitaka. Rundo lote la pamba lilikuwa kavu, ila sehemu moja ndogo upande wa cherehani. Mjomba aliigusa, akanusa vidole, akasema kesho ni kesho.

Jumamosi tuliingia pamoja. Alipitisha kiganja polepole kama mtu anayepapasa mgonjwa. Kavu, kavu, kavu. Akafika upande ule wa cherehani akasimama. Palikuwa pamelowa, tena pangali na joto, na kando yake alikuwa Mkongwe, anajilamba.

Mjomba hakugomba. Alisema wanne wamejifunza, watabaki, na huyu ataondoka, maana ahadi ni ahadi na magodoro yanatoka leo. Nilimwambia kwamba kwako Bibi hakuna hesabu ya wanne. Akanijibu, "Najua. Alikuwa mama yangu kabla hajawa bibi yako." Kisha akashusha gunia ukutani akamtia Mkongwe ndani. Mkongwe hakukwaruza. Alikuwa mwepesi, gunia halikuonyesha kama lina kitu.

Maganga alifika saa nne. Wakapakia magodoro. Nilikaa sakafuni karibu na gunia, sikulia, kwa sababu nilikuwa ninafikiri nitakuandikiaje. La kumi na mbili lilipotoka, Mjomba alirudi na kibakuli. Alisema safari ya Isaka ina vumbi, anywe maji kwanza. Akafungua gunia.

Mkongwe hakutazama maji. Alitoka moja kwa moja akaenda nyuma ya cherehani, kwenye debe. Akaweka miguu ya mbele ukingoni. Akajivuta, miguu ya nyuma ikaserereka kwenye bati, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena kwa ubavu. Akainuka, akalizunguka debe mara moja, halafu akachuchumaa palepale chini, karibu nalo kadiri alivyoweza, juu ya pamba.

Bibi, nilikuwa nimemchunguza kila mmoja isipokuwa yeye. Nilidhani anayelala hana shida. Na madebe nilichagua yenye ukingo mrefu ili jivu lisimwagike.

Mjomba aliweka kibakuli chini. Akasema, "Hafiki. Siku zote amekuwa akija hapa, hafiki."

Huko nje Maganga alipiga honi, akaita, "Fundi, yuko wapi huyo abiria wangu, au umemshonea ndani ya godoro?" Mjomba alitoka akamwambia mzigo wa leo ni magodoro kumi na mawili, hakuna kingine, aende salama. Lori likaondoka.

Aliporudi alichukua ule mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa vya magodoro. Unaujua, hamruhusu mtu hata kukatia uzi. Akaukatia bati. Alikata upande mmoja wa debe mpaka karibu na sakafu, akaukunja ukingo kwa nyundo isimkate mtu, akarudishia jivu kwa mikono yake. Mkasi umepata mapengo mawili. Hauwezi tena kitambaa.

Leo asubuhi nimepapasa pamba yote mimi, halafu Mjomba akarudia. Ni kavu kila mahali.

Ameniagiza nisikuandikie habari za mkasi. Nimemwambia, "Mjomba, siku hizi Bibi ninamwandikia kila kitu." Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi, akasema, "Basi mwandikie na hili. Mwambie tunamngoja."

Wako mjukuu,
Mwahija